Pumzi ya Daktari wa Zamu

3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utaniuliza nimekula nini, nitakujibu, na laini itakatika kabla sijasema ninachotaka kusema.

Nimepata kazi. Si ya ualimu, kwa hiyo usifurahi haraka. Kituo kimoja cha televisheni kimenunua tamthilia ya kigeni. Wanaondoa sauti za wenyewe na kuweka zetu, na mimi ni sauti ya daktari.

Inaitwa *Zamu*. Chombo kinasafiri kati ya nyota, safari ndefu kuliko umri wa mtu. Abiria wamelazwa usingizi kwenye vitanda vya kioo na hawazeeki. Watu sita tu wako macho kuwalinda. Hakuna vita, hakuna mazimwi. Sehemu nzima ya kwanza inahusu bomba linalovuja jikoni. Nilipoiona mara ya kwanza nilitaka kuomba radhi kwa niaba yao. Mara ya pili nikagundua kuwa mafundi wawili wanaotengeneza lile bomba hawasemezani, na hakuna aliyetuambia hivyo. Tunajua kwa sababu mmoja anaiweka spana sakafuni badala ya kumpa mwenzake mkononi. Shangazi, tangu siku hiyo sijaacha kuwaza ile spana.

Mwongozaji wetu tunamwita Mzee Tena, kwa kuwa ndilo neno lake. Amenichukua kwa majaribio. Msimu huu una sehemu nane. Ukiisha, ataamua kama daktari abaki na sauti yangu au apewe mwingine. Na huyo mwingine yupo. Ana sauti kama asali na anajua kuwa anayo.

Naitaka kazi hii kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Kwa hiyo naomba kila Jumapili jioni ukae na *Zamu*, kisha uniandikie ukweli. Hapa kila mtu ananiambia "vizuri sana" huku anatazama simu yake. Wewe ulinilea, na bado uliniambia mbele ya darasa zima kuwa ramani yangu inafanana na yai la kukaanga.

Wako,
Chiriku

12 Machi

Chiriku,

Marahaba. Ramani ile ilikuwa yai la kukaanga, na nchi jirani uliifanya ute.

Nimekaa na tamthilia yako tangu wimbo wa mwanzo hadi matangazo ya sabuni. Swali la kwanza, la mwalimu wa jiografia: huko kwenu hakuna jua linalochomoza wala kuzama, sasa wanajuaje saa ya chai? Wanaamkiana "habari za asubuhi" bila aibu.

La pili: ni polepole mno. Nilichambua mchele wote wa wiki na bomba bado linavuja. Lakini ile spana niliisikia. Ilivyogonga sakafu nikajua, hapa watu wamenuniana.

La tatu ndilo ulilolitaka. Daktari wako ni baridi kama sakafu ya asubuhi. Anamwambia mgonjwa "lala" kama mtu anayefunga droo. Sijui kama ubaridi huo ni wako au ni wake. Ukiwa wako, jirekebishe. Ukiwa wake, basi ana sababu, na nitaisubiri.

Halafu kula. Sikuuliza, nimekuamuru.

Shangazi yako

20 Machi

Shangazi,

Na Mzee Tena kasema vivyo hivyo. "Tena, lakini safari hii uwe mtu." Nikamuuliza mtu wa namna gani. Akasema kama angejua asingeniajiri.

Nikueleze tunavyofanya kazi. Hatuigizi pamoja. Kila mmoja anaingia peke yake kwenye chumba kidogo kilichozungushiwa magodoro ukutani, na mkononi ana karatasi zenye maneno yake tu. Mwenzangu anaweza kuwa amelia jana kwenye maiki hiyo hiyo, mimi najibu leo kilio ambacho sikukisikia. Na sehemu zinatufikia moja moja kutoka ng'ambo. Sijui daktari huyu ataishia wapi. Namfahamu kama unavyomfahamu mpangaji wa chumba cha pili, kwa milango anavyoifunga.

Lakini nina hakika ubaridi ni wake. Anaushika kwa mikono miwili usimponyoke. Mtazame anapopita korido ya tatu. Kila akifika pale anageuza uso ukutani. Kila mara, Shangazi, na hakuna anayelitaja. Tamthilia nyingine ingetuwekea muziki wa kutisha ili tusipitwe. Hii inatuamini. Inakaa kimya kama mtu anayejua kuwa utafika mwenyewe.

Umeuona ule uso? Na lile koti lake kuukuu, umeona lilivyofifia upande mmoja tu? Niambie, maana naanza kudhani naona mambo yasiyokuwepo.

Chiriku

2 Aprili

Chiriku,

Koti ni koti. Usinipe mtihani, mimi ndiye niliyekuwa nikitoa mitihani.

Kuhusu korido yako, nitakuambia nilichokipata mimi. Hatua zake zikifika pale zinakuwa za haraka. Kwingine kote anatembea kama mtu aliyelipwa kwa siku, pale anakimbilia. Na anaposoma namba za vitanda, kuna moja anaitamka upesi, kama anayeshika sufuria ya moto bila kitambaa. Kumi na saba. Sasa ile ni sauti yako, mama, si miguu ya mzungumzaji wa ng'ambo. Ulikusudia?

Basi nimenasa. Jumapili jirani alikuja kuazima koleo, nikamwambia arudi wakati wa matangazo. Amekaa barazani hadi yakaja, tena kanunia mlango. Nimeacha hata kulalamika kuwa tamthilia ni polepole. Nimeelewa kuwa wanatuzoesha hawa watu sita kama unavyozoea watu wa nyumba moja. Huwezi kumlilia mtu uliyekutana naye jana.

Na daktari siku hizi si sakafu. Ni sakafu yenye mtu chini yake.

Shangazi yako

8 Aprili

Shangazi,

Sikukusudia. Nilisoma ile namba nikasikia koo linataka kuipita haraka, nikaliacha. Mzee Tena hakusema "tena", nami nikadhani amesinzia.

Sasa sote tunajua aliye kwenye kitanda cha kumi na saba. Ni binti yake. Nimeitazama sehemu ya tano mara nyingi kuliko inavyofaa kukiri. Mtoto alilazwa akiwa na miaka saba na ataamka akiwa na saba. Mama yuko zamu, anazeeka. Siku chombo kitakapotua, mtoto atafumbua macho amwone bibi kizee asiyemjua. Kwa hiyo daktari hakuwa baridi. Alikuwa anajizoeza kuwa mgeni. Na wamekaa na siri hiyo sehemu nne nzima bila kututupia hata kidokezo cha aibu. Kila kitu kilikuwa mbele yetu, kwenye bomba, kwenye chai, kwenye namba. Sijui kama nitawahi kuandika au kutenda jambo lolote kwa subira ya namna hiyo.

Yule mwenye asali alikuja studio jana "kusalimia". Alikaa nyuma ya kioo saa nzima. Nilizibana karatasi hadi zikawa zinasikika kwenye maiki.

Jumapili ni sehemu ya sita. Sikuambii kitu, ila kuna kipande kirefu kisicho na neno hata moja. Tulionyeshwa kabla ya kurekodi. Siku hiyo karatasi zangu zilikuwa mbili tu, nikamaliza mapema, nikaenda nyumbani. Mwigizaji yule amefanya yote kwa uso.

Kaa karibu na runinga. Usipepese macho.

Chiriku

14 Aprili

Mwanangu,

Pole. Pole sana. Nimekaa tangu jana nikitafuta namna ya kulianza hili.

Nilisikia hatua zake zikiingia korido ile, safari hii polepole. Kiti kikaburutwa. Kijiko kikagonga sahani ya bati, mara chache. Nikasema, amekwenda kula na mwanawe, hatimaye. Halafu basi. Mashine tu ikinguruma. Nikasubiri. Mtu aliye hai husikika hata akinyamaza, ama anajikohoza, ama pua. Huyu, hakuna. Nikaelewa kuwa amejilaza mle ndani, kando ya mtoto, na kioo kimejifunga. Amekataa kuzeeka peke yake.

Nililia kama mjinga. Ni kifo cha heshima kuliko vyote nilivyowahi kukutana navyo kwenye runinga. Hakuna kelele, hakuna wosia.

Kisha nikakukasirikia wewe kwa kutoniambia, na wao kwa kukuua zikiwa zimebaki sehemu mbili. Sasa huyo Mzee atakuamulia nini, na daktari hayupo? Angalau na yule mwenye asali hakupata kitu.

Njoo nyumbani upumzike kidogo.

Shangazi yako

18 Aprili

Shangazi,

Daktari hajafa.

Yupo pale muda wote. Uso wake umejaa kioo kizima cha runinga. Anasukuma sahani kando, anasogea hadi pua inakaribia kitanda cha mtoto, kioo cha kitanda kinafanya ukungu kwa pumzi yake, anaupangusa kwa mkono wa koti, ukungu unarudi, anaupangusa tena. Ndicho kipande chenyewe, hakuna kingine. Yeyote mwenye macho

Nimeiacha sentensi hiyo kama ilivyo. Nilipofika hapo nilisimama, nikazunguka meza.

Nilikuuliza kuhusu uso, ukanijibu kuhusu hatua. Nilikuuliza kuhusu koti, ukanigombeza. Tangu lini, Shangazi? Na kwa nini ukae na runinga kila Jumapili ukiniandikia kana kwamba

Kuna jambo la pili nililolielewa nikiwa nimesimama vile, na linaniaibisha kwa namna nyingine. Wanapotuletea sehemu, fundi mitambo anaondoa sauti za watu wa ng'ambo, na sauti za watu huondoka na pumzi zao, hata na msuguo wa nguo zao. Zinabaki mashine, viti, vijiko, hatua. Kila kitu cha binadamu lazima tukifanye upya. Lakini sisi tunafuata karatasi, na kwenye karatasi kipande kile hakina kitu, kwa hiyo hakuna aliyefanya kitu. Mimi nilikwenda nyumbani nikifurahi. Nilipoitazama Jumapili sikugundua, maana macho yangu yalikuwa yanaona ule ukungu na masikio yakajisikilizisha yenyewe. Nchi nzima imemtazama mwanamke asiyepumua, na aliyegundua ni wewe tu.

Naomba ruhusa Jumatatu. Nakuja.

Chiriku

22 Aprili

Chiriku,

Usije. Ukija nitafunga geti, na funguo unajua ninavyozipoteza.

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Karatasi bado naisoma nikiisogeza hadi puani, kwenye mwanga wa dirisha. Vya mbali vimekuwa ukungu tangu mwaka jana. Runinga naiona kama taa iliyofunikwa shuka. Hospitali walisema upasuaji ni mdogo na nisiogope, na mimi mtu akiniambia nisiogope ndipo ninapoanza.

Sikukuambia kwa sababu nakufahamu. Ungeacha kazi uje kunishika mkono hadi chooni, yule mwenye asali akae kwenye kiti chako. Nimelea mtoto aliyekuwa haongei, tukamwita Chiriku kwa kumtania, leo anasemea daktari wa nyota. Halafu niwe mimi wa kumnyamazisha?

Na kuna sababu nyingine, ya kijinga, kwa hiyo usimsomee mtu. Uso wa huyo daktari siujui. Nimempa wako, wa utu uzima, kama nadhani utakavyokuwa. Kila Jumapili nakuona ukiwa na miaka hamsini. Wakinisafisha macho nitamkuta mwanamke mwingine amekaa pale.

Mambo yangu yaache. Wewe rudi kwenye magodoro yenu ukavute pumzi. Kazi nzuri namna ile, mmeiacha na tundu katikati.

Shangazi yako

29 Aprili

Shangazi,

Sikuja, kwa sababu ya geti. Lakini shauri la macho halijaisha, nitalirudia.

Nilimwambia Mzee Tena. Alikuwa anakula karanga. Akasema, "Nani kalalamika?"

"Mtazamaji mmoja."

"Mmoja. Na sehemu imeshatoka."

"Haoni, mzee. Alidhani daktari amekufa."

Akaacha karanga. Akaangalia ule uso uliosimamishwa kwenye runinga ya studio, halafu akamwita fundi mitambo akamuuliza mbona hakuna aliyemwambia. Fundi akasema yeye hufuata karatasi. Mzee akasema sote tunafuata karatasi, ndiyo maana tumeua mtu. Kisha akaniambia, "Ingia."

Unaingia mle bila karatasi, Shangazi, na mikono haijui ikae wapi. Mara ya kwanza niliigiza. "Tena. Unahema kama mbeba kabati." Mara ya pili nilihuzunika. "Tena. Hakuna aliyekuomba machozi." Yule mwenye asali alikuwa amekuja, kakaa nyuma ya kioo kama kawaida, na mimi nikaona basi, nimekwisha. Nikaacha kufikiria. Nikatazama mabega ya yule mwigizaji tu, yakipanda nipande, yakishuka nishuke, na akipangusa nasugua mkono wa nguo yangu mbele ya maiki.

Na hapo niligundua kitu. Nimekitazama kipande kile mara nyingi mno, nimekisifu kwa kila mtu, na sikuwa nimekijua. Kilinijia kifuani, si machoni, na nilikaribia kuzimia. Sikuambii ni nini. Nataka nijue kama kimefika.

Tulipomaliza Mzee hakusema neno. Hakusema hata lile moja. Mwenye asali alivua hedfoni, akasema, "Huyu mwacheni," akachukua mkoba akaenda zake. Sijui alimaanisha nini. Uamuzi ni wiki ijayo.

Sehemu ya sita inarudiwa Jumamosi mchana.

Chiriku

4 Mei

Chiriku,

Nilizima redio, nikamfungia jirani nje, nikakaa.

Anaingia. Kiti. Kijiko. Kisha yupo. Niliyasikia mapafu yake kama mtu aliyelala chumba kimoja nami. Nikasema, Alhamdulillahi, mzima. Anahema karibu na kitu kigumu, pumzi inamrudia. Halafu kitambaa kinasuguliwa, na pumzi inakatika. Kimya. Nikashtuka, nikadhani mmemuua tena. Halafu inatoka yote kwa mkupuo, kama mtu aliyezama. Kitambaa. Kimya. Inatoka.

Ilinichukua mara tatu. Anaizuia. Akipumua kioo kinaingia ukungu, mtoto anapotea. Kwa hiyo anapangusa, anabana pumzi, anamtazama mwanawe kwa muda ambao kifua chake kinaweza kuvumilia. Ili amwone, lazima asipumue.

Ndicho ulichokigundua? Kama ndicho, kimefika.

Waliotunga tamthilia hii ni watu wa kuogopwa. Wameliweka jambo kubwa hivyo mahali ambapo hata mwenye macho mazima anaweza kulipita. Na hawakujali.

Nilizima runinga. Nikafikiri: yule mama anabana kifua hadi anaishiwa, apate kumwona wake kwa dakika moja. Mimi nikiambiwa nilale kitandani nusu saa nisafishwe macho nimwone wangu, nafunga geti. Niliona haya kidogo. Usilikuze.

Waulize hospitali ni lini.

Shangazi yako

8 Mei

Shangazi,

Ndicho.

Nilimsomea Mzee Tena barua yako, pale pa pumzi tu. Akaniambia nirudie. Nikasoma. Akasema, "Tena." Safari ya tatu akafungua droo akatoa mkataba wa msimu wa pili, akausukuma mezani bila kunitazama, akasema nimwambie shangazi yangu asipotee, maana ndiye mtu pekee anayeisikiliza kazi yake.

Daktari ni mimi. Naandika hivyo na mkono hauniamini.

Hospitali ni Jumanne ijayo saa mbili asubuhi. Nimeomba ruhusa, nimepewa, mkataba uko mkobani. Acha geti wazi.

Chiriku

23 Juni

Chiriku,

Barua hii naiandika nimenyoosha mkono kama binadamu. Mwandiko wako wa zamani nimeusoma wote upya na ni mbaya kuliko nilivyodhani. Nyumba pia. Uliponitoa bandeji ulisema pamependeza, sasa naona ulivyonidanganya, kuna buibui ana mji wake juu ya kabati.

Wameanza kuirudia *Zamu* tangu mwanzo, na jana ilikuwa sehemu ya sita. Sasa nikuambie kuhusu daktari.

Ana pua ndefu. Ana nywele fupi za kijivu na kovu chini ya mdomo. Hafanani na wewe hata kidole. Sehemu ya kwanza nilimchukia kabisa. Nilikaa nikimtazama kama mtu aliyevaa nguo ya mwanangu bila ruhusa. Kila alipofungua mdomo ukatoka wewe, nilitaka kumwambia arudishe. Ya pili nilimvumilia. Ya tatu alipita korido ile akageuza uso, na ulisema kweli, koti limefifia upande mmoja, upande wa vitanda, upande wa taa zao. Amepita pale mara ngapi hadi kitambaa kikapauka? Nikamsamehe pua.

Jana nilisogeza kiti. Sikupepesa, kama ulivyoniagiza. Nikauona ukungu, mkono wa koti, mtoto akitokea na kupotea. Jirani alikuwepo, siku hizi namruhusu ndani, akaninong'oneza, "Kumbe anabana pumzi." Nikamwambia anyamaze.

Mwambie Mzee Tena kipande chenu cha kimya nimekiona kwa macho yangu mawili, na ni kizuri kama ulivyosema. Ila usimfiche kitu. Mwambie nilikuwa nimeshakiona.

Shangazi yako